Dereva mpya wa lori hulipwa kwa safari, saa zake hazihesabiwi

Mfanyabiashara anayetafuta lori la kupeleka mzigo Kigali, Bujumbura au Kampala huuliza mambo mawili: bei, na siku ya kufika. Akiridhika, anatoa malipo ya awali na kusubiri simu. Ni nadra kumsikia akiuliza ni nani atakayeshika usukani, amepata leseni lini na analipwa vipi. Hayo, tunasema, ni mambo ya tajiri wa gari na dereva wake. Lakini mzigo ulioko nyuma ni wa mfanyabiashara, na namna dereva anavyolipwa ndiyo inayoamua kama saa 8 usiku atakuwa amelala pembeni ya barabara au anapandisha mlima wa Sekenke akiwa na tani 30 nyuma yake na macho mekundu.

Tuanze na kijana mwenyewe. Amemaliza mafunzo ya magari makubwa, pengine katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar es Salaam, pengine VETA. Ana cheti na ana leseni. Kitu asichokuwa nacho ni uzoefu, na matangazo ya kazi yanataka miaka kadhaa ya kuendesha semi, tena nje ya nchi. Uzoefu huo hauuzwi dukani. Kwa hiyo anaanza utingo, au utaniboi kama wanavyosema Kenya na Uganda. Anafunga turubai, anaweka jiwe nyuma ya tairi, analala chini ya tela kulinda mzigo, na dereva mkuu akichoka humwachia usukani kwenye sehemu zilizonyooka. Siku dereva mmoja akiugua au akiacha kazi, tajiri anamkumbuka. Anapewa gari kuukuu kuliko yote yaliyopo uani na kuambiwa aende akajaribu.

Kijana wa namna hiyo haulizi mkataba. Akiuliza, wapo wenzake kumi nje ya geti wenye leseni kama yake.

Malipo yake yana sehemu mbili, na hapa ndipo penye shida yote. Kuna mshahara wa mwezi, ambao kwa dereva mpya huwa mdogo, na kwa baadhi ya matajiri haupo kabisa. Halafu kuna posho ya safari. Hii hutolewa kwa mkupuo gari linapotoka, na ndani yake kuna chakula, maegesho, kuoga, kuziba pancha, vocha za simu, na yale mengine ya njiani ambayo kila mmoja anayajua na hakuna anayeyaandikia risiti. Kinachobaki ndicho chake. Kwa maneno mengine, kipato halisi cha dereva kinategemea mambo mawili: amepiga safari ngapi kwa mwezi, na amebana kiasi gani katika kila safari.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kijana analipwa shilingi 300,000 za Tanzania kwa mwezi, na kila safari ya Kigali inamwachia 250,000 mkononi. Akipiga safari tatu anapata 1,050,000. Akipiga mbili, anapata 800,000. Sasa foleni ya kupakia bandarini ikimla siku tatu na mteja wa Kigali akichelewa kushusha siku nne, safari ya tatu imekufa. Hakuna aliyemkata hata senti, lakini 250,000 imeondoka. Siku saba alizokaa ndani ya kichwa cha gari akilinda mzigo wa mtu hazikulipwa na yeyote.

Sasa tupime saa zenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kwa kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Rusumo ni takriban kilomita 1,500. Lori zito hairuhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Ukiweka matuta, milima, na mizani za Vigwaza, Mikese, Nala, Njuki, Mwendakulima na Nyakahura, mwendo wa wastani wa kilomita 45 kwa saa si wa kumwonea mtu. Hiyo ni kama saa 33 za usukani kwenda tu. Dereva akiendesha saa 9 kwa siku, atafika siku ya nne. Mfanyabiashara anayesema anataka mzigo wake kesho kutwa anaagiza saa 16 au 17 za usukani kwa siku, hata kama hajatamka hivyo.

Kwenda na kurudi ni saa 67 hivi. Safari tatu ni saa 200. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne. Jumla ni saa 230. Kwa hiyo kijana wa safari tatu akizimaliza ndani ya wiki nne, usukani peke yake umeshakula saa 200. Zimebaki 30 za kupakia, kushusha, kupima, kukagua gari, kubadili tairi, kufuata karatasi kwa wakala wa forodha na kukaa mpakani. Anayeijua kazi hii anajua kwamba saa 30 zinaweza kwisha katika safari ya kwanza tu.

Sheria hiyohiyo ina mambo mengine ambayo madereva wengi wapya hawajawahi kusomewa. Siku ya kazi, pamoja na saa za ziada, haipaswi kuzidi saa 12. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kwa wiki. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Na mkataba wa mtu anayetakiwa kufanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano lazima uwe wa maandishi. Dereva wa Kigali, Lubumbashi au Kampala hafanyi kazi nyingine isipokuwa hiyo. Akivuka mpaka kwa makubaliano ya mdomo, kosa limeanzia getini kwa tajiri kabla gari halijafika Kibaha.

Kuvuka kwenyewe kunaleta jambo jingine. Kijana akiingia Uganda kwa Mutukula anakuta sheria ya ajira ya mwaka 2006, yenye saa 48 kwa wiki. Kima cha chini cha mshahara huko bado ni kile cha shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Akienda upande wa Kenya, Sheria ya Trafiki, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Gari ni lilelile na uchovu ni uleule. Idadi ya saa ndiyo inayobadilika kila anapogonga muhuri.

Jumuiya yetu haikushindwa kukubaliana pale ilipotaka. Uzito wa lori una sheria moja ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013: ekseli saba, tani 56, iwe Mariakani au Vigwaza. Ilitungwa kwa sababu lori lililozidisha uzito linaharibu lami, na lami ni ghali. Saa za dereva zimeachwa kwenye sheria za kila nchi, na barabarani hakuna mizani ya kuzipima. Askari atauliza leseni, bima na stika. Dereva alilala lini, haulizi.

Ndipo yanapoingia majani. Kenya, miraa ni zao la biashara linalotambuliwa na serikali, na dereva hununua fungu kama anavyonunua maji ya kunywa. Tanzania, mirungi hiyohiyo ni dawa ya kulevya. Dereva mzoefu anajua kutupa kilichobaki kabla ya Namanga. Mgeni anaweza kusahau fungu chini ya kiti, na mzigo wa mfanyabiashara ukalala kituo cha polisi pamoja naye. Tunapenda kuwalaumu vijana kwa kutafuna. Lakini mtu aliyelipwa kwa safari, akaambiwa afike kesho kutwa, atatafuta kitu cha kumweka macho.

Ni haki kusema kwamba foleni za mipakani si zile za zamani. Vituo vya pamoja vya Rusumo, Mutukula, Busia, Malaba na Namanga vimepunguza yale mambo ya kugonga mhuri upande mmoja, kisha kuanza upya ng'ambo. Wanaokumbuka Malaba kabla ya hapo wanajua. Lakini mwaka 2020, vipimo vya korona vilipoanza, foleni ilirudi kwa kilomita nyingi, madereva wakapika na kulala barabarani kwa siku kadhaa, na wengi hawakulipwa hata shilingi ya ziada kwa siku hizo. Posho ilikuwa ya safari, na safari ilikuwa bado haijaisha.

Je, kukaa foleni ni kazi? Tajiri atasema dereva alikuwa amelala. Dereva atakwambia gari likisogea mita 10 na yeye hayupo, wa nyuma wanampita na makelele yanaanza. Shirika la Kazi Duniani lililigusa jambo hili katika Mkataba Namba 153 wa mwaka 1979, unaohusu saa za madereva wa barabarani. Mkataba huo unaweka kikomo cha saa 9 za kuendesha kwa siku na 48 kwa wiki, mapumziko baada ya saa 4 za usukani mfululizo, na mapumziko ya siku yasiyopungua saa 10. Na unasema muda ambao dereva yuko tu garini akisubiri, bila uhuru wa kwenda zake, unaweza kuhesabiwa kuwa saa za kazi kwa kiwango ambacho kila nchi itaamua. Nchi zilizouridhia ni chache sana duniani, lakini wazo lake si gumu: asiye huru kuondoka yuko kazini.

Wapo wanaosema saa za dereva haziwezi kuhesabiwa huku kwetu, eti barabara ni ndefu na hakuna wa kumsimamia. Hilo lilikuwa kweli zamani. Leo mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinafunga kufuli la kielektroniki kwenye kontena la mzigo unaopita na kulifuatilia njia nzima. Matajiri wengi nao wamefunga vifaa vya kufuatilia magari. Dereva akisimama nje ya njia dakika 20, simu inaita. Kwa hiyo inajulikana gari liliwashwa saa ngapi, lilisimama wapi na kwa muda gani. Taarifa hizo hutumika kulinda kontena na dizeli. Zingeweza pia kuonyesha kwamba kijana wa gari fulani ameendesha saa 15 jana na ameondoka tena saa 10 alfajiri.

Upungufu wa mzigo ni eneo jingine ambalo dereva mpya huumizwa. Mifuko miwili ya mchele ikikosekana, anakatwa, tena mara nyingi mshahara mzima. Sheria ya Tanzania haikuacha jambo hilo hewani. Ili akatwe kwa hasara, lazima hasara iwe ya kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mfanyabiashara anayemdai tajiri fidia ana haki yake. Ila ajue kwamba tajiri akimmaliza kijana kwa makato, kijana huyo atarudi barabarani mwezi ujao bila mshahara na tangi la dizeli mikononi, na wanunuzi wa dizeli ya madumu wapo njia nzima.

Kuna sehemu ya jambo hili iliyo mikononi mwetu wafanyabiashara moja kwa moja, nayo ni kushusha. Mizigo mingapi imefika Nyabugogo au Kikuubo ikakuta mwenyewe bado anatafuta ghala, au anasubiri bei ipande, akaligeuza lori kuwa stoo? Makubaliano ya kukodi gari kwa kawaida huweka siku chache za bure za kushusha, na baada ya hapo mwenye mzigo hulipa faini kwa kila siku. Fedha hiyo huenda kwa tajiri. Dereva anayelala ndani ya gari siku zote hizo hapati kitu, na posho yake ya kurudi ameshaanza kuila.

Mfanyabiashara anayeandikiana mkataba wa usafirishaji anaweza kudai iandikwe kwamba sehemu ya faini hiyo ya kila siku inalipwa dereva, kwa jina lake, mbali na posho ya safari. Anaweza pia kuomba kuona mkataba wa dereva kabla ya kupakia, kama anavyoomba kuona bima ya gari. Na tarehe ya kufika Kigali iandikwe siku ya nne tangu kutoka Dar es Salaam, hata pale dalali anapoahidi ya pili.