Mawe yasimuliayo bahari iliyozidi chumvi

Ukichemsha maji ya bahari katika sufuria hadi yakauke, utabaki na chumvi. Lakini je, wajua kwamba chumvi si ya kwanza kujitenga na maji?

Maji yakipungua hadi karibu nusu, chokaa ndiyo hutangulia kutua. Yakibaki kama sehemu moja kwa tano, hufuata jasi, ile itengenezayo plasta. Chumvi ya mezani hungoja hadi maji yawe karibu sehemu moja kwa kumi.

Mpangilio huu ndio uliofichua jambo la ajabu. Mwaka wa 1970, meli ya utafiti iitwayo Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Bahari ya Mediterania. Wanasayansi walipandisha jasi na chumvi kutoka kilindini!

Ilibainika kwamba, yapata miaka milioni 6 iliyopita, njia za kupitisha maji ya bahari ya Atlantiki zilizibana. Jua likakausha maji mengi kuliko yale yaliyoletwa na mito na mvua. Viumbe wengi wa baharini wakaangamia. Kwingine chumvi ilirundikana kwa unene unaozidi kilomita moja. Maji tele ya Atlantiki yalirudi miaka milioni 5.3 iliyopita, kupitia mlango wa Gibraltar.

Basi ukiona chokaa chini, jasi katikati na chumvi juu, fahamu kwamba hapo palikuwa na bahari iliyonyimwa maji. Bahari nayo, kumbe, huishi kwa kuletewa.