Kwa nini "Out of Africa" iliwagawa wahakiki

Kule Kariandusi, juu ya Ziwa Elementaita, mgeni mmoja alitazama nyasi na heroe, akasema hii ndiyo "Out of Africa" hasa. Filamu hiyo ya Sydney Pollack ni ya 1985, na bado wengi hututazama kupitia kwayo.

Ni kisa cha Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuja mwaka 1914, akalima kahawa karibu na Ngong, akapoteza shamba na mpenzi, akaijua nafsi yake. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota zote 4, nayo ikatwaa Oscar 7. Wengine waliona dakika 161 ni nyingi mno, na Robert Redford anaigiza Mwingereza kwa lafudhi ya Kimarekani! (Mwingereza huyo, Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba hapa kwetu Takaungu.)

Lawama nzito ni ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o alishakishutumu kitabu cha Karen mapema: kinampenda Mwafrika kama apendwavyo mnyama. Filamu, kwa maoni yangu, imerithi kasoro hiyo. Inaonyesha nchi tupu inayomsubiri mtu aje ajitafute, ilhali mashoka ya mawe aliyoyafukua Louis Leakey hapo Kariandusi yana umri wa mamia ya maelfu ya miaka.

Tena mtazameni Farah, Msomali Muislamu aliyeiendesha nyumba ya Karen. Malick Bowens anamwigiza kwa heshima, wallahi. Lakini Farah naye alikuwa msafiri, mbali na kwao, na safari yake hakuna aliyeiuliza.