Ibn Sina: Mwanafalsafa aliyetaka dawa ijaribiwe kabla ya kusifiwa

Na Mwandishi Wetu, Ngara

RAIS Samia Suluhu Hassan alipotangaza Januari 20, 2025 kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, habari hiyo haikuwa ya mbali kwa wakazi wa Nyamiaga na maeneo mengine ya wilaya jirani ya Ngara. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huohuo.

Marburg haina dawa iliyoidhinishwa. Palipo na pengo kama hilo, sifa za mizizi na vikombe huenea upesi kuliko ushahidi wake, na ndipo Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anapostahili kusomwa upya.

Mwanazuoni huyo, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, katika Uzbekistan ya leo, aliandika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu cha tiba chenye juzuu tano. Kilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 12 na kufundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17.

Katika juzuu ya pili aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Itumiwe kwa maradhi yasiyochanganyika na mengine. Muda wa kufanya kazi kwake uangaliwe. Matokeo yajirudie, la sivyo ni bahati tu. Aidha, ijaribiwe kwa binadamu, kwani ithibati iliyopatikana kwa simba au farasi haitoshi.

Sharti la kujirudia ndilo zito. Mgonjwa mmoja akipona, mwenye dawa hupata jina mji mzima. Ibn Sina angeuliza alipo wa pili, na wa kumi.

Wapo wanaodai pia kwamba ndiye aliyebuni karantini ya siku 40, dai lililoenea wakati wa Uviko-19 mwaka 2020. Halina mashiko. Neno hilo ni la asili ya Kiitaliano, na agizo la mapema linalofahamika lilitolewa Ragusa, Dubrovnik ya sasa, mwaka 1377, nalo lilikuwa la siku 30. Alichoandika yeye ni kwamba kifua kikuu huambukiza, jambo ambalo si dogo hata kidogo.

Kitabu chake kingine, Al-Shifa, licha ya jina lake lenye maana ya uponyaji, si cha tiba bali cha mantiki, hisabati, elimu ya maumbile na metafizikia. Al-Ghazali alizishambulia vikali hoja zake juu ya Mungu na ulimwengu, naye Ibn Rushd akamjibu Al-Ghazali karne iliyofuata. Mantiki, hata hivyo, Al-Ghazali hakuikataa, aliifundisha.