Hicho Kitufe cha "Endelea"

"Mwongozo wa kuanzia uwe na kurasa ngapi?" Vijana wanaotengeneza programu za kompyuta hawachoki kuniuliza. Hata mmoja, jamani.

Wanaamini kuwa mgeni akizungushwa kwanza kwenye kila kitufe, kwa vidirisha na mishale, atakuwa ameshafunzika. Mchukue karani wa shamba la viungo Kidichi, anayetaka kuingiza hesabu ya watalii wa leo. Kidirisha cha kwanza kinamkaribisha. Cha pili kinamwonyesha menyu. Kufika cha tatu hasomi tena, anakisaka kitufe cha "Endelea" na kukibofya mpaka vyote viishe, kisha anageuka: "Haya, naandika wapi?" Si mvivu huyo. Kaja kufanya kazi, nyinyi mmemweka kitako kama mtoto wa skuli, mnamwonyesha vitu ambavyo bado hana haja navyo. Akija kuvihitaji, keshavisahau.

Wala si habari mpya. Mwaka 1984, John Carroll na mwenzake wa IBM walichapisha majaribio ya programu ya kuandikia ambayo amri zake ngumu zilifungwa. Waliojifunzia humo waliingia kazini upesi kuliko waliopewa programu nzima. Miaka arobaini na ushei, na sisi bado tunachora mishale!

Kinachomkwaza khasa karani wetu hakimo kwenye vidirisha vyenu. Amezoea simu, ambayo mengi huyahifadhi yenyewe. Kompyuta ikimuuliza kama ahifadhi, anabofya "Hapana" kwa kuwa kwake kazi imeshakwisha. Akibofya mara mbili, kipanya kinateleza katikati, faili linahama badala ya kufunguka. Na msinijie na "tuitafsiri tu kwa Kiswahili." Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka 2004 ikiwa na menyu za Kiswahili, na ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini kusoma menyu hakuufundishi mkono kubofya bila kuteleza.

Basi fanyeni hivi. Programu ifunguke kwenye jedwali lenye mistari ya mfano, na mstari wa leo uwe mtupu unamsubiri. Amri nyingine zifichwe mpaka amalize kazi ya kwanza. Ijihifadhi yenyewe, umeme wetu mnaujua. Kutengua kosa kuwe kubofya kumoja, na msaada utokee pale anapokwama. Kisha mkalisheni mtu asiyewahi kuiona, mkae nyuma yake. Akiuliza, andikeni swali lake, msimjibu.