Folda Moja, Milango Miwili

Kompyuta ya ofisi yetu ina diski mbili. Ile ya C, inayobeba Windows, ilijaa pomoni hadi programu ya hesabu ikakataa kuhifadhi risiti. D nayo ilikuwa karibu tupu. Basi tukahamisha folda ya Hesabu kwenda D, tukaacha pale C ikoni ya njia ya mkato. Wapi! Programu haikuona kitu. Njia ya mkato, tuliyoizoea tangu Windows 95, ni kikaratasi tu chenye anwani. Mtu akikibonyeza hupelekwa, lakini programu nyingi hukiona kama faili ndogo, basi.

Kuna kiungo cha aina nyingine, ambacho huandikwa ndani ya mpangilio wenyewe wa diski. Programu ikiomba C:\Hesabu, Windows huipeleka D:\Hesabu kimyakimya, nayo haijui kwamba imezungushwa. Viungo hivi vilikuja na Windows 2000, na amri ya mklink ikafuata katika Vista, mwaka 2007.

Kwanza funga programu. Hamisha folda yote, na jina lile lisibaki C, maana amri itakataa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter, na katika dirisha jeusi uandike:

mklink /J C:\Hesabu D:\Hesabu

Mlango mpya hutangulia, nyumba halisi hufuata. (Sisi tuligeuza mara mbili kabla ya kupata.) Jina lenye nafasi katikati lifungwe kwa alama za kunukuu. Diski zote mbili ziwe za mfumo wa NTFS. Flashi usiunganishe; ikichomolewa, mlango hauna nyumba.

Sasa hapa tusikilizane vizuri: hii si nakala. Kijana wetu mmoja aliona Hesabu mara mbili, akadhani moja ni ya ziada. Akaifungua ile ya C, akafuta vyote vilivyomo, hata pipa la taka akalimwaga. Ya D ikabaki tupu. Risiti za mradi wa maji ziliokolewa na flashi ya mweka hazina, nayo iliishia Machi. Za Aprili tulizinakili upya kutoka vitabu vya karatasi, siku tatu nzima.

Ukitaka kuondoa kiungo chenyewe, andika rmdir C:\Hesabu. Hapo huondoka mlango tu, vyombo vikabaki D.