Kwa Nini Aliyeacha Dawa za Kulevya Huzirudia

Msomaji na amfikirie kijana wa Kasense, mjini Sumbawanga, aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akanaswa na heroini, kisha akatibiwa na kurejea kwao. Huko juu Ufipa, penye baridi na mashamba ya mahindi, miezi hupita asiione dawa hiyo. Jamaa husema amekwisha pona. Je, ni kweli?

Mwili hupata nafuu upesi. Jasho na maumivu ya arosto hupungua sana baada ya wiki moja hivi. Akili haisahau hivyo. Pavlov, mtaalamu wa Urusi, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kusikia mlio kabla ya chakula hutokwa na mate kwa mlio peke yake. Kadhalika kijiwe, rafiki wa zamani, hata fedha mkononi, huamsha hamu ya mtu aliyeacha dawa.

Lee Robins wa Marekani aliwachunguza askari waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Wengi waliozoea heroini vitani hawakuirudia walipofika kwao. Sababu si moja, lakini mazingira yaliyochochea tamaa yalikuwa yamebaki ng'ambo ya bahari.

Basi Kasense humsaidia kijana huyo, ijapokuwa pombe haikosekani huko nayo hulegeza azma. Hatari kubwa imo katika safari ya kurudi Dar es Salaam, nayo ni hatari ya mauti: mwili uliokwisha kuacha haustahimili tena kipimo cha zamani, na kipimo kile kile huweza kukata pumzi.

Liko jambo jingine lipuuzwalo mno. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alieleza kwamba anayetumia mara moja baada ya kuacha huangushwa zaidi na hukumu anayojipa mwenyewe: “Mimi si wa kupona.” Waswahili walikwisha sema kuteleza si kuanguka, lakini mzazi amwitaye mwanawe “teja” mbele ya majirani huithibitisha hukumu ile.

Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hutuliza hamu ya heroini. Haimfundishi mtu namna ya kumjibu rafiki anayemwita kijiweni. Jibu hilo hufanyiwa mazoezi na mshauri, kwa sauti, kabla ya safari. Na swali la kwanza ni la kawaida kabisa: akishuka kituo cha mabasi Dar es Salaam, nani atakayempokea?