Kipepeo wa sare nyingi na damu ya mama

Dume la kipepeo Papilio dardanus hajifichi. Kandokando ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, au wa Kakamega, hurandaranda juani na mabawa yake ya manjano hafifu yenye mabaka meusi na vimkia viwili nyuma.

Jike ni kitendawili. Barani Afrika majike wengi hawana mikia, wala hawafanani wao kwa wao: huyu mweusi kwa mweupe, yule rangi ya chungwa, hata kama mama yao ni mmoja. Walidhaniwa kuwa spishi mbalimbali hadi Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu wa Afrika Kusini, alipoonyesha katika miaka ya 1860 kuwa wote ni wake wa dume yuleyule.

Majike wengi wa bara huvaa sare ya kipepeo mwenye sumu. Danaus chrysippus, kwa mfano, hula mimea ya utomvu mweupe angali kiwavi na kuihifadhi sumu yake. Ndege aliyemwonja hamrudii. Dardanus hana sumu hiyo. Kiwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mlimau, na akibughudhiwa hutoa kipembe laini chenye harufu kali. Basi jike huishi kwa jina la mwenzake. Ila waigaji wakizidi, ndege hugundua kuwa sare ile ina nyama tamu, ndiyo maana ni salama zaidi kugawana sare kadhaa. Madagaska hakuna mchezo huo: majike hufanana na madume, mikia na yote.

Daktari Cyril Clarke wa Liverpool, Uingereza, aliwazalisha vipepeo hawa pamoja na mwanajenetiki Philip Sheppard. Waliona sifa za mabawa zikirithiwa kwa pamoja, kama furushi, wakakumbuka makundi ya damu ya Rhesus, ambayo nayo hurithiwa hivyo.

Mama mwenye Rhesus hasi akimzaa mtoto mwenye Rhesus chanya, damu ya mtoto huweza kupenya kwake. Mwili wake hutengeneza kingamwili, na anayeumia ni mtoto wa mimba inayofuata. Kundi la Liverpool, kama lile la New York lililofanya kazi kivyake, lilipendekeza jambo la ajabu: mama adungwe kingamwili hizohizo, ziondoe chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazishtukia. Sindano hiyo, anti-D, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Nchi nyingi huitoa pia karibu na wiki ya 28 ya ujauzito.